Saa za giza zisizoingia kwenye hesabu

Alfajiri ya Jumatatu, Julai 8, 2024, kimbunga Beryl kiliingia nchi kavu karibu na Matagorda, pwani ya Texas, kikashika njia ya Houston. Wateja milioni 2.26 wa CenterPoint Energy, kampuni inayomiliki nguzo na nyaya za jiji hilo, wakajikuta hawana umeme. Kila mtu alitaka kujua jambo moja: umeme upo wapi na wapi haupo? Tovuti ya kampuni haikuwa na jibu. Jibu lilipatikana kwenye programu ya simu ya Whataburger, mgahawa wa baga ambao Texas una matawi kila upande. Ramani ya programu hiyo huonyesha tawi lililo wazi kwa rangi ya chungwa na lililofungwa kwa kijivu. Mtu mmoja akaligundua hilo, akaliweka mtandaoni, na muda si mrefu watu wa Houston wakawa wanasoma hali ya gridi yao kwa kuangalia baga zinakaangwa wapi.

Wengi walicheka. Mimi nakiona kisa hiki kama ushahidi, kwa sababu CenterPoint haikuwa kampuni isiyo na vyombo. Baada ya kimbunga Ike cha Septemba 2008 ilipata dola milioni 200 kutoka serikali kuu ya Marekani kusaidia kufunga mita janja, na kufikia 2012 zaidi ya mita milioni mbili zilikuwa zimeshafungwa kwa wateja. Mita ya aina hiyo ikikosa umeme hutuma ishara kabla haijazima kabisa. Kwa hiyo kampuni ilikuwa na njia ya kujua nyumba ipi iko gizani. Kilichokosekana ni ukurasa wa kumwonyesha mteja. Ukurasa huo ulielemewa Mei 16 mwaka huohuo, pale dhoruba ya upepo mkali iitwayo derecho ilipolipiga jiji na kuwazimia umeme karibu wateja milioni moja. Kampuni ikauondoa. Wiki saba na ushee baadaye Beryl kikaingia, na hakukuwa na mwingine. Ukurasa mpya ulifunguliwa Agosti 1, umeme ukiwa umekwisha kurudi.

Utetezi wa kampuni upo, na haki ni kuusikiliza kwanza. Houston ilikuwa upande wa kulia wa njia ya kimbunga, upande ambao upepo huwa mkali zaidi. Miti mingi ilikuwa imedhoofishwa na ukame wa miaka iliyotangulia, kisha ardhi ikalainishwa na mvua kubwa za masika yao. Mafundi wapatao 12,000 waliletwa kutoka nje, na ndani ya siku tatu zaidi ya wateja milioni moja walikuwa wamesharudishiwa umeme. Hiyo si kazi ya kubeza. Aliyewahi kukaa karibu na mafundi wa laini anajua utaratibu: huanza na kituo cha kupoza umeme, wakaja kwenye njia kubwa zinazotoka hapo, kisha laini za mitaani, kisha transfoma moja moja, na mwisho kabisa waya unaoingia nyumba moja. Ndiyo maana jirani wa ng'ambo ya barabara anawasha feni na wewe unajipepea kwa gazeti. Yeye yuko kwenye laini nyingine, au fezi nyingine, au fyuzi ya transfoma yenu ndiyo iliyoungua. Hakuna aliyemhonga mtu.

Lakini utetezi huo una mwisho wake. Beryl kilipofika Texas kilikuwa kimbunga cha daraja la kwanza, la chini kabisa kati ya madaraja matano. Ike kilichopiga Galveston mwaka 2008 kilikuwa cha daraja la pili, na kiliwazimia wateja milioni 2.1 wa kampuni hiyohiyo. Jiji limekua tangu wakati huo, sawa, lakini miaka 16 na mabilioni ya dola ya uwekezaji yalipaswa kuleta matokeo tofauti na haya, kwamba upepo dhaifu zaidi umezima nyumba nyingi zaidi. Upepo hauna bosi wa kumwita mezani. Tawi lililoachwa likaning'inia juu ya waya lina ratiba ya ufyekaji, lina bajeti, na lina mtu aliyetia saini kwamba mkuza, yaani njia inayofyekwa chini ya laini, uko safi.

Kuna na habari ya majenereta, ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote. Baada ya baridi kali ya Februari 2021 iliyoiangusha gridi ya Texas, bunge la jimbo liliziruhusu kampuni za nyaya kukodi majenereta ya dharura. CenterPoint ikaingia mkataba wa takriban dola milioni 800, fedha ambazo hatimaye hutoka kwenye bili za wateja. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ilikwenda kwenye mitambo mikubwa, kila mmoja wa zaidi ya megawati 25. Mtambo wa ukubwa huo huuburuzi kwenda kuwasha zahanati au nyumba ya wazee mtaa wa pili. Kuuhamisha na kuufunga ni kazi ya siku nyingi. Ulikodiwa kwa ajili ya janga lililopita, lile la gridi kukosa megawati. Janga lililokuja lilikuwa la nguzo na matawi. Beryl kilipopita, mitambo mikubwa ilikaa tu. Mwishoni mwa Julai maseneta wa Texas walimhoji Jason Wells, mkurugenzi mkuu wa kampuni, naye akaomba radhi. Baadaye mitambo hiyo ilikubaliwa ipelekwe eneo la San Antonio, ikasaidie gridi ya jimbo.

Na huko nje jua lilikuwa la Julai. Houston bila kiyoyozi wakati huo ni jiko lililofunikwa. Zaidi ya watu kumi walikufa kwa joto katika siku zilizofuata, watu ambao upepo wenyewe ulikuwa umewapita salama. Wapo waliokufa kwa moshi wa majenereta waliyoyawasha karibu na nyumba. Houston ina maelfu ya Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, familia ambazo ndani ya nyumba zinaongea Kiswahili, wengi wao wakiwa wapangaji wa maghorofa ambako hakuna uani wa kutoka kupunga upepo. Mtu kama huyo anahitaji kuambiwa kitu kimoja tu siku ya kwanza: je, ni usiku mmoja au ni wiki nzima?

Swali hilo ndilo linaloamua kila kitu. Mwenye insulini kwenye friji, mwenye mzazi anayepumulia mashine ya oksijeni, mwenye friza ya samaki wa kuuza, wote hufanya hesabu kutokana na muda waliotajiwa. Mwambie siku sita, atafunga virago leo akalale kwa shemeji yake. Mwambie «mafundi wanaendelea na kazi, tunaomba uvumilivu», atakaa. Kesho yake utamrudia na maneno yaleyale, na atakaa tena, kwa sababu amekwisha kungoja siku moja na anaona aibu kuipoteza. Kauli isiyo na saa ndani yake humfunga mtu nyumbani kuliko hata habari mbaya. Kila anayeishi Dar, Mombasa au Mwanza anaijua kauli hiyo kwa moyo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo pana jambo ambalo wateja wengi hawajawahi kuambiwa. Duniani kote ubora wa huduma ya umeme hupimwa kwa viashiria viwili vikuu: kwa wastani mteja amekatikiwa umeme mara ngapi kwa mwaka, na kwa wastani amekaa saa ngapi bila umeme kwa mwaka. Mashirika huviita kwa vifupisho vyake, SAIFI na SAIDI. Kipimo kinachotumika sana Marekani, kiwango namba 1366 cha IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, kinaruhusu siku za tukio kubwa zitengwe. Siku ambayo muda wa kukatika umepita mno ule wa siku za kawaida huwekwa kando, na mwaka unahesabiwa bila hiyo.

Sababu yake ina mantiki. Ukiziacha siku za vimbunga ndani ya hesabu, huwezi kulinganisha mwaka huu na mwaka jana ukajua kama mafundi wamezembea au wamejitahidi. Kimbunga kimoja kitafunika kila kitu. Wahandisi walitaka kioo kisichotikisika. Tatizo ni matumizi. Takwimu iliyotengenezwa kwa ajili ya wahandisi imekuwa ndiyo takwimu ya matangazo, ya marupurupu ya wakubwa na ya maombi ya kupandisha bei. Siku ambayo mteja ameteseka kuliko siku zote imewekwa pembeni, halafu kampuni inasimama mbele ya umma na kusema huduma imeimarika. Na kwa karatasi, inasema kweli.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Siku ya dhoruba ihesabiwe peke yake, kwa kipimo chake, na kipimo hicho kiandikwe kabla dhoruba haijaja. Ilivyo sasa, tathmini huja pale wanasiasa wanapokasirika. Gavana Greg Abbott aliiagiza tume ya huduma za umma ya Texas ichunguze, na ripoti yake ya Novemba 2024 iligusa yaleyale: miti, maandalizi, mawasiliano. Ni ripoti inayosomeka vizuri. Lakini mtihani ambao maswali yake hutungwa baada ya mtahiniwa kutoka chumbani hauwezi kumfanya asome usiku uliotangulia.

Uingereza walipata somo lao mapema kidogo. Usiku wa Novemba 26 kuamkia 27, 2021, dhoruba Arwen ilipiga Scotland na kaskazini mwa England. Upepo ulitoka kaskazini-mashariki, upande ambao miti ya huko haijazoea kupigwa, na kituo cha Brizlee Wood huko Northumberland kilipima kasi ya maili 98 kwa saa. Wateja wapatao milioni moja walikatikiwa umeme. Wengi wao walirudishiwa upesi, lakini karibu 40,000 walikaa zaidi ya siku tatu, na karibu 4,000 walipitisha wiki nzima, majira ya baridi, vijijini, ambako pampu ya maji na simu ya mezani navyo vinategemea umeme.

Mdhibiti wao, Ofgem, alitoa ripoti ya mwisho Juni 2022. Ninachokipenda katika ripoti ile ni kwamba haikuishia kwenye nguzo. Ilikwenda kwenye simu zisizopokelewa na tovuti zilizoelemewa, na zaidi ya yote kwenye makadirio. Kampuni ziliwaambia watu umeme utarudi jioni. Jioni ikawa kesho, kesho ikawa keshokutwa. Watu ambao wangehamia kwa ndugu walibaki kwenye nyumba za baridi kwa kuamini ahadi. Ofgem aliichukua ahadi ile kama sehemu ya huduma, kitu kinachoweza kuharibika kama transfoma inavyoharibika.

Na kulikuwa na fidia. Kwa kanuni za wakati huo, mteja aliyekaa gizani kupita muda uliowekwa alilipwa pauni 70, kisha pauni 70 nyingine kwa kila saa 12 zilizoongezeka, mwisho pauni 700. Shinikizo lilipozidi, kampuni zikakubali kuvuka ukomo huo, na baadaye ukomo wenyewe ukapandishwa hadi pauni 2,000. Jumla ya fidia ilifika kama pauni milioni 30, na kampuni tatu zikaongeza pauni milioni 10 hivi. Katika kulipa, Northern Powergrid ilituma kwa baadhi ya wateja hundi za matrilioni: mtu mmoja wa Yorkshire alipokea ya zaidi ya pauni trilioni 2.3. Namba ya kumbukumbu ya mita ilikuwa imechapwa mahali pa kiasi cha fedha. Kampuni isiyoweza kutenganisha namba ya mita na pesa kwenye hundi, na ndiyo hiyohiyo inayokuambia umeme unarudi saa mbili usiku!

Fidia ile ina kazi moja ambayo hotuba haiwezi kuifanya. Inaipa saa ya giza bei. Ofisa anayepanga bajeti ya kufyeka mikuza anaweza sasa kuweka gharama ya panga na msumeno upande mmoja na gharama ya wateja elfu kadhaa kwa siku tatu upande wa pili. Februari 2022 dhoruba Eunice ilipokuja na kuwazimia wateja zaidi ya milioni moja, walio wengi walirudishiwa ndani ya siku moja. Sitasema fidia ndiyo iliyofanya hivyo. Eunice ilipiga kusini, kwenye barabara nzuri na watu walio karibu karibu, na upepo wake ulitoka upande uliozoeleka. Lakini hakuna kampuni iliyoingia Februari ile ikiwa haijui saa moja inagharimu kiasi gani.

Kwetu? Mei 4, 2024, kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikitaja mikoa kwa majina. Mvua ikaivunja barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, eneo la Somanga, na magari yakalala foleni pande zote mbili. Fikiria basi lori lenye nguzo za mikaratusi kutoka Mufindi, au gari la winchi kutoka Dar, likihitajika upande wa pili. Kwa nchi yenye barabara moja kubwa ya kusini, mpango wa dharura wa umeme huanza na swali la nguzo, waya na transfoma za akiba zimelazwa upande gani wa daraja kabla mvua haijanyesha. Houston haina swali hilo. Sisi tunalo, na sijaliona likijadiliwa hadharani kwa uzito linaostahili.

Tunazungumza sana megawati. Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115, na ni jambo la kujivunia kwa nchi iliyochoka na mgao. Lakini mgao na dhoruba ni maradhi mawili tofauti, kama Texas walivyogundua kwa gharama ya majenereta yao. Bwawa likiwa limejaa hadi ukingoni, nguzo iliyooza chini ikaanguka Kibiti, Kibiti iko gizani.

Wadhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, huchapisha viashiria vilevile vya SAIDI na SAIFI katika ripoti zao. Ni hatua nzuri, na anayezisoma hupata mengi. Shida ya wastani wa nchi nzima ni kwamba humeza wilaya. Siku tano za giza Kilwa zikigawanywa kwa mamilioni ya wateja wa Tanzania hugeuka dakika chache, na dakika chache hizo zinapotea kabisa mbele ya hitilafu moja ya mchana wa kawaida Dar es Salaam. Kwetu dhoruba haihitaji hata kutengwa kwa kanuni ya wahandisi. Inayeyuka yenyewe.

Tena kwetu mteja hana pa kwenda. Ni kweli hata Houston huwezi kubadilisha mwenye nyaya. Unachagua tu nani akuuzie umeme unaopita humo. Lakini wao wana bunge la jimbo linalomwita mkurugenzi na kamera zikiwaka. Mwenzangu wa Rufiji ana kundi la WhatsApp la wilaya, ambalo, niseme kwa haki, mara nyingi hujibu haraka kuliko kampuni kubwa za Ulaya. Ukiandika namba ya mita na jina la mtaa, mtu hai anakujibu. Ila kundi la WhatsApp halina kumbukumbu inayokaguliwa. Aliyeahidi saa kumi jioni na umeme ukarudi saa kumi alfajiri ya siku ya tatu hadaiwi na mtu, ujumbe wake umeshafunikwa na mamia ya mengine.

Mtu ataniuliza fedha za kufanya haya zitoke wapi, na ni swali halali. CenterPoint ilitumia zaidi ya dola bilioni moja kurudisha umeme baada ya derecho na Beryl, na mwanzoni mwa 2025 ikawasilisha mpango wa zaidi ya dola bilioni 5 wa kuimarisha gridi. Mwisho wa yote mlipaji ni yuleyule aliyekaa gizani. Nguzo za zege, nyaya za chini ya ardhi, mita janja, kila kimoja kina bei, na bei yake kwetu itakuja kupitia LUKU na tokeni. Sidai tuanze na hivyo.

Naomba jedwali moja katika ripoti ya kila mwaka ya mdhibiti. Kila dhoruba au mvua iliyozima umeme kwa zaidi ya siku moja iandikwe kwa jina la wilaya: wateja wangapi walikatikiwa, makadirio ya kwanza waliyopewa yalisema nini, umeme ulirudi lini kwa nusu yao, na lini kwa mteja wa mwisho kabisa. Mkuza wa laini hiyo ulifyekwa mara ya mwisho mwezi gani. Hakuna mkopo unaohitajika. Saa ambayo simu ya kwanza iliingia, saa ambayo gari lilitoka na saa ambayo laini iliwashwa ni mambo ambayo ofisa wa zamu huyaandika kazini kila siku.